Kitabu cha Bwana Yupo

Kila Jumamosi jioni, Vaileth alipomaliza kuosha vyombo na kukunja nguo za mitumba ambazo mama yake hakuziuza sokoni Segese, aliruhusiwa kushika simu. Hakutafuta michezo. Alifungua ujumbe wa shangazi yake Theopista, muuzaji katika duka moja la vitabu mjini Shinyanga, ambaye kila mwezi alimtumia orodha ya vitabu vitakavyotoka karibuni. Vaileth aliruka vya mapishi na vya mitihani. Alitaka hadithi za vyombo vya angani, za sayari za mbali, na za falme zenye maajabu. Akishazipata, aliandika maoni yake kwenye daftari la kijani.

“Kinakuja kitabu cha msichana anayechunga ng’ombe kwenye sayari isiyo na maji,” aliandika mwezi ule. “Nakisubiri kwa hamu, lakini nina shaka. Ng’ombe hao wanakunywa nini? Mwandishi asiponijibu kufikia ukurasa wa kumi, nakifunga.” Kuhusu kingine, cha mfalme asiyekufa, aliandika: “Mtu asiyekufa ataogopa nini? Na asipoogopa yeye, mimi msomaji nitaogopaje?”

Wiki hiyo Mwalimu Donatus, msimamizi wa maktaba ya shule, alitangaza kwamba anatafuta mwanafunzi wa darasa la sita wa kuandika “Vitabu Vinavyokuja” katika gazeti la ukutani. Vaileth alinakili maoni yake kwa mwandiko mzuri, akampelekea. Mwalimu alisoma mistari miwili tu, akakunja uso.

“Haya aliyaleta Ritha jana. Neno kwa neno, mpaka ng’ombe wake! Umemwibia mwenzako?”

“Mwalimu, mimi ndiye nili...”

“Usiongeze uongo juu ya wizi. Rudi darasani.”

Ritha alikuwa jirani yake wa dawati. Siku chache nyuma aliazima daftari lile, akidai anataka kuangalia hesabu zilizokuwa kwenye kurasa za nyuma. Vaileth alipoingia darasani, Ritha aliinama akawa anachonga penseli iliyokwisha kuchongeka.

Vaileth hakulia wala hakugombana. Hasira yake ilikomaa ndani kwa ndani. Kuitwa mwizi kwa kazi yake mwenyewe! Aliapa kwamba Ritha ataaibika mbele ya shule nzima, si mbele ya mwalimu mmoja.

Mwezi uliofuata aliandika maoni yake kama kawaida, kisha akaongeza kitabu alichokitunga kichwani. Alikiita “Duara Lisilo na Mwisho”. Kilihusu wachimbaji wa dhahabu walioshuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, wakachimba mpaka wakatokea upande wa pili, kwenye sayari ambako watu huchimba nyota. Mwandishi wake alimpa jina H. A. Yupo. Ijumaa akaliacha daftari wazi juu ya dawati, akaenda kuchota maji taratibu kuliko siku zote.

Jumatatu Ritha, ambaye sasa ndiye aliyepewa safu ya gazeti la ukutani, alisimama mstarini akasoma yote. Watoto ambao baba zao hushuka maduarani kila siku walisikiliza midomo wazi. Mageni, mtoto wa darasa la tatu, alinyoosha mkono kuuliza kama hao wachimbaji walirudi nyumbani.

“Tutajua kikifika,” alisema Mwalimu Donatus, naye macho yakimng’aa. “Alhamisi nakwenda Shinyanga. Nitakiagiza.”

Ijumaa alirudi mstarini na sura nyingine.

“Ritha, njoo mbele. Duka zima limenicheka. Mwenye duka ameniuliza kama nimetumwa kumdhihaki. Hebu semeni wote jina la mwandishi, kwa haraka.”

“Hayupo!” shule ikaitika, kisha ikapasuka kwa kicheko.

Ritha hakuinua uso. Tangu hapo, jina lake lilipoitwa kwenye mahudhurio, sauti ya kwanza kujibu “Hayupo!” ilikuwa ya Vaileth, na darasa likadakia. Kila kicheko kilimpoza Vaileth kama maji baridi, na kila baada ya kicheko alitaka kingine. Alhamisi jina liliitwa, na kweli dawati lilikuwa na mtu mmoja. Ritha hakuja, wala kesho yake. Vaileth alijinyoosha, akajiambia kwamba sasa nafasi inamtosha.

Jumamosi simu iliita. Mama alisikiliza, akakaa kitako juu ya mzigo wa nguo.

“Pole sana, wifi yangu,” alisema. “Lakini ulimkosea nini mwenye duka?”

Shangazi Theopista alikuwa analia. Duka alilokwenda mwalimu ndilo alilouzia yeye, na mwenye duka, akitaka kujua Segese ilipata wapi habari za kitabu kile, alikuwa ameuliza ni nani hutuma orodha huko, na yeye akakiri kwamba hutuma. Akaambiwa ndiye aliyetunga jina lile kumdhalilisha mteja, akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Vaileth alikwenda kuchukua daftari la kijani. Alimweleza mama yake yote. Mama hakumpiga. Alisema tu, “Jumatatu utamweleza mwalimu kwa mdomo wako mwenyewe.”

Jumatatu Mwalimu Donatus alimsikiliza, akalisoma daftari la kijani tangu ukurasa wa kwanza. Kisha akapiga simu dukani, akampa Vaileth.

“Shikamoo, baba,” Vaileth alimwambia mwenye duka. “Kitabu kile nilikitunga mimi. Shangazi hakujua lolote. Nisamehe, na yeye umrudishe.”

Jumatano shangazi alirudi kazini. Siku hiyohiyo mwalimu alimfuata Ritha kwao, na mbele ya wazazi wake Ritha alikiri kwamba alinakili. Alitaka naye aonekane anajua jambo. Wasichana wote wawili waliomba radhi mstarini, na Vaileth ndiye aliyekwenda darasa la tatu kumwambia Mageni kwamba kitabu hakipo. Mtoto alimtazama tu, akageukia ukuta. Hilo lilimuuma Vaileth kuliko kuomba radhi mstarini.

Mwalimu aliwaita ofisini.

“Siku ile nilikukatiza, Vaileth. Nilikosea, na nimelisema hilo mbele ya walimu wenzangu. Ritha, ulichukua kazi ya mwenzako, kwa hiyo safu hii itaandikwa na Vaileth. Wewe utapanga rafu za maktaba muhula mzima, na utasoma mpaka uwe na maoni yako.”

Akamgeukia Vaileth.

“Haki ilikuwa yako. Ungeweza kuniletea daftari hili, au umlete mama yako, na jambo lingekwisha siku ileile. Ukachagua kulipiza. Ulimlenga Ritha, lakini aliyesimamishwa kazi ni shangazi yako, na aliyedanganywa ni mtoto wa darasa la tatu. Anayeandika habari za kitabu ambacho hakijafika, wasomaji humwamini bila kukiona. Ukidhulumiwa, mwanangu, sema ukweli, na usiposikilizwa useme tena. Usiwafanye wanaokuamini kuwa fimbo ya kumchapia adui yako.”