Walimkata Mama Yangu, Wakabakiza Mkono

Nina miaka hamsini na moja. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yangu yamekaa upande mnisamehe, lakini nisomeni mpaka mwisho. Ni mjane, naishi Moa, huku juu karibu na mpaka. Naandika nikiwa na hasira. Msinishauri nisamehe... nimeshaambiwa hivyo na kila mtu, hata na hao walionikosea!

Na majina sifichi. Wa kwanza ni Hemedi, anayejiita Dairekta, mwenye chumba cha kuediti video kule mjini, Raskazone. Wa pili ni Rukia binti Shekuwe, shoga yangu tangu tulipowekwa ndani pamoja tukiwa wari. Wa tatu nitamtaja nikifika.

Mama yangu, Bi Mwanamkuu, ndiye aliyekuwa mwenye lelemama hapa kijijini. Kwa msiojua, lelemama ni ngoma ya wanawake, ngoma ya heshima. Mnasimama mstari mmoja, kanga sare, mnakwenda taratibu, na mikono ndiyo inayosema. Hakuna kuruka, hakuna kukata kiuno.

Na kwetu ina utaratibu wake. Wasichana hutangulia, watu wazima hufuata, na yule mkubwa kuliko wote huingia mwisho kabisa. Mstari unafunguka katikati, yeye anapita hatua kwa hatua, anasimama, ndipo anaimba. Yote yaliyotangulia ni kumtandikia njia tu.

Mama aliimba wimbo aliorithi kwa mamake. Beti saba. Hakuna mwingine aliyezijua zote, maana mama alikuwa mkali! Hakupi ubeti mpya mpaka ule wa nyuma uuimbe bila kuteleza. Mie, bintiye wa kumzaa, nilikuwa nimepewa nne. Umri wote huu... beti nne!

Mguu wake ulipoanza kuvimba, mwenyewe alituita. Alisema tumpige picha ya video angali anasimama, ili beti zote ziwe mahali pamoja na wajukuu wajifunze. Tukafurahi mno. Rukia ndiye aliyemjua Hemedi, akamleta.

Tulicheza uwanjani kwetu baada ya alasiri. Mama alikataa fimbo. Nilimwambia, mama, shika japo bakora, akaniuliza kama nimewahi kuona bibi harusi na bakora. Mstari ulipofunguka akatoka pale nyuma, mdogo kama kuku wa kienyeji, mguu umefura ndani ya kanga, na akaja... hatua, anapumzika, hatua, anapumzika. Akafika. Akaimba zote saba! Waliojua hali yake walilia wazi. Hemedi mwenyewe, juu ya stuli na kamera yake, nilimsikia akisema, "Bibi wewe kiboko!"

Alipokuwa anafunga vifaa vyake mama alinivuta sikio, kweli kabisa, kama mtoto. Akasema, "Mwambie asinikate. Lelemama haikatwi. Ikikatwa inakuwa watu wanashtukashtuka tu."

Nikamwambia Hemedi. Akacheka, akasema asihofu bibi.

Baada ya siku chache akatuita Raskazone tukachague mtindo. Nilikwenda na Rukia na bintiye, Shamimu, ambaye alicheza mbele kabisa na uso wake, mashaallah, ulipendwa na kamera. Hemedi akatuketisha mbele ya kompyuta kubwa, feni inazunguka juu, nikajiona mtu wa maana kwelikweli. Mie niliyezoea kuketishwa kwenye benchi la kungoja!

Akatuonyesha mitindo miwili. Wa kwanza, kamera imetulia, mstari wote unaonekana, ngoma inakwenda mwanzo mpaka mwisho kama tulivyoicheza. Dakika kumi na moja. Wa pili aliuita kata-kata. Kila ngoma ikilia, picha inabadilika. Macho! Hereni! Miguu! Pindo la kanga! Sura hii, sura ile! Dakika mbili na kitu, imekwisha.

Ule wa kwanza Rukia hakuuacha hata ufike kati. Akasema, "Aa, shoga! Hii kama kamera ya mlango wa benki, inangoja mwizi!" Shamimu akacheka, Hemedi akacheka. Na mama alipoanza kutoka nyuma ya mstari, hatua na kupumzika, Rukia akapiga makofi akasema, "Mpaka bibi afike hapo kati, watazamaji wameshaoga, wamekula na wamelala!"

Na mie nilicheka.

Kishikeni hicho kicheko, wasomaji. Mimi siku zote kimenishika.

Kwa nini nilicheka? Niliona haya. Niliwaona vijana wa mjini waliokuwa wakimsaidia Hemedi, na viatu vyao vyeupe, nikaona mama yangu anatuchelewesha. Halafu ule mtindo wa pili ulikuwa na mimi ndani. Mara tatu! Shingo yangu, hereni zangu za dhahabu, jicho limelegea. Tangu nifiwe na mume sijawahi kujiona hivyo. Kwenye ule wa kwanza nilikuwa mama mnene mmoja kati ya wanawake kumi na sita. Kwenye ule wa pili nilikuwa mwanamke.

Nikaunyooshea kidole ule wa pili.

Nilikumbuka kuuliza, msinione nilikuwa kichaa. Niliuliza mama yangu yuko wapi humo. Hemedi akasema bibi yupo, atamweka vizuri mwishoni, na ile ndefu ataniwekea kwenye flashi niwe nayo nyumbani maisha yangu yote. Akaapa! Rukia akanipiga paja akasema basi, umepata mbili kwa mpigo, unataka nini tena? Nikaridhika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba.

Video ikatoka. Wallahi ilitembea! Moa nzima, Horohoro, mpaka ng'ambo Kenya kwa jamaa zetu. Bodaboda walikuwa wakiniona wanapiga honi, "Mama Kata-kata! Jicho hilo!" Nami nilikuwa nainua mkono kama mgombea. Shamimu akaanza kuitwa kwenye maharusi. Rukia akavimba kichwa hata salamu ikawa anaitoa kwa ncha za vidole.

Mama akaomba aione. Nilikuwa nimeikawiza kumwonyesha, sijui kwa nini... au najua. Siku hiyo asubuhi alikaa barazani na wajukuu wakamzunguka. Akashika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

Ikacheza. Ikaisha.

Mama akauliza, "Haijaanza bado?"

Wajukuu wakasema imekwisha, bibi. Akasema warudie. Wakarudia. Safari hii akatazama bila kupepesa, na karibu na mwisho akaweka kidole juu ya kioo. Kulikuwa na mkono. Mkono mmoja, mzee, umenyooka kutoka pembeni, una kovu la kuungua kwenye kiganja. Haufiki hata kuhesabu moja, mbili. Kisha Shamimu tena, anatabasamu.

"Mkono wangu huo," mama alisema. Akanirudishia simu.

Hakunigombeza! Laiti angenitukana! Jioni akaniita, akaniambia, "Niletee ile ndefu."

Nikaenda Raskazone. Hemedi akasema flashi imesumbua, njoo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu. Kompyuta iko kwa fundi. Nikaenda tena wiki iliyofuata, akanifungulia mlango nusu, akaniita "mama yangu kipenzi", akasema amesahau neno la siri. Kila nikirudi nyumbani mama ananitazama mikono kwanza, halafu uso. Hakuuliza. Anatazama mikono tu.

Nikamwomba basi anifundishe beti tatu zilizobaki, nizishike kichwani tukingojea hiyo video. Akakataa. Akaniambia, "Za nini? Si umechagua fupi?"

Uvimbe ulipanda kutoka mguuni. Siku zake za mwisho alikuwa hana sauti hata ya kuomba maji. Nilikaa pembeni yake nikimwomba, mama, ubeti wa tano unaanzaje, neno la kwanza tu, mama... Alinyoosha mkono. Ule ule. Akaushusha. Tukamzika kesho yake baada ya adhuhuri.

Ilipopita arobaini nikaenda kwa Hemedi pamoja na mdogo wangu wa kiume, mtu wa miraba minne. Siku hiyo mlango haukufunguliwa nusu! Nikaketi kwenye kile kiti nilichokalia nikijiona mtu. Nikamwambia sitoki. Na Hemedi, kwa kuchoka au kwa kuogopa, akasema kweli.

Alikuwa ameifuta. Wiki ile ile tuliyochagua mtindo! Alipata harusi ya Muheza, kompyuta imejaa, akataka nafasi. Alinipigia simu, huku kwetu mtandao ukawa umeondoka kama kawaida yake. Akampigia Rukia. Na Rukia akamjibu, "Futa hiyo ya bibi, bintiye mwenyewe haitaki. Si aliicheka mbele yako?"

Mmesikia? Mama yangu alitolewa ili bwana na bibi harusi wa Muheza wapate pa kukaa! Na huyu Hemedi muda wote ule ananituma njoo Jumatatu, njoo Ijumaa, akijua hakuna kitu! Mwongo mkubwa! Ungeniambia siku ya kwanza, Hemedi, mama alikuwa hai bado! Ningembeba mgongoni nimrudishe uwanjani, ningemshika kiuno mimi mwenyewe aimbe hata ameketi! Ulichofuta ni video, lakini ulichoniibia ni zile wiki.

Kwa Rukia nilikwenda kwa miguu, sikutaka kupanda chombo, nilitaka hasira ifike nzima. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamuuliza mbele ya jirani zake. Hakukana! Alitikisa ungo wake, akasema, "Shoga, usinitwike mzigo peke yangu. Kama ulikuwa unamtaka mamako, mbona kidole hukukinyoosha kule?"

Wasomaji, nilitaka kumrushia ule ungo. Lakini mkono haukuinuka. Mbaya wako akikuambia kweli, unamjibu nini?

Sasa wa tatu niliyeahidi kumtaja mmeshamjua.

Juzi hapa palikuwa na harusi. Wakaingia wasichana, kanga sare, wakasema wanacheza lelemama. Nikasogea mbele nitazame. Jamani! Wamejifunza kwenye ile video! Ngoma ikilia huyu anageuza shingo, ikilia tena yule anarusha mguu, ikilia huyu anakodoa jicho... jicho langu mie, wameniiga! Watu wanashtukashtuka, kama alivyosema marehemu. Na karibu na mwisho msichana mmoja wa pembeni akanyoosha mkono, kiganja wazi, akaurudisha upesi. Akatabasamu.

Wakasimama, wakangoja makofi. Mstari haukufunguka. Hawajui kama unafunguka! Hawajui kwamba ule mkono una mtu.

Nikainuka. Nikawaambia wapiga ngoma waendelee, polepole. Nikawashika wale wasichana mabega, mmoja mmoja, nikawasogeza mpaka mstari ukaacha njia. Nikarudi nyuma yao na kigauni changu cha kawaida, nikaja. Hatua, napumzika. Hatua, napumzika. Nilikuwa na magoti mazima lakini nilikuja hivyo hivyo. Nikafika kati, nikaimba. Rukia alikuwa kwenye mkeka wa mbele, ubeti wa pili haukumkuta.

Niliimba wa kwanza mpaka wa nne. Kisha nikanyamaza. Wapiga ngoma wakanitazama, nikawapa ishara wasiache. Nikasimama nimefumba mdomo urefu wa beti tatu nzima, ngoma inalia tupu. Watu walidhani nimesahau. Mwacheni anayedhani adhani!

Ninyi mnaosoma, nisikieni. Akija mtu na kamera kumpiga mzazi wako, ile nzima ishike mkononi kwanza, iangalie mpaka mwisho nyumbani kwako, ndipo mzungumze habari za mitindo. Usikubali maneno ya "nitakuwekea". Na usichague ukiwa umezungukwa na watu wanaocheka. Mchukue mwenyewe mwenye ngoma akachague, hata kama ni wa kubebwa, hata kama atawachelewesha. Na awacheleweshe!

Hemedi bado ana chumba chake kule. Shamimu bado anaalikwa. Mie nina mkono mmoja kwenye simu, na nikitaka kuuona lazima niuwahi kwa kidole kabla Shamimu hajatabasamu.

Mara nyingi nachelewa.