Mahindi Chotara Juu ya Mafiga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliwasha moto jikoni, kisha nikatazama juu. Pale juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Kazi ya kuyatundika nilifundishwa na Bibi Avelina. Kwetu Mwimbi, moshi ndio unaolinda mbegu dhidi ya wadudu.

Bibi alifariki mwezi wa sita, tukiwa katikati ya mavuno. Mama akaniambia, "Eme, wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia. Mwaka huu chagua mbegu wewe."

Tulikuwa na mashamba mawili. Shamba la nyumbani lilikuwa na mahindi ya Bibi, mafupi, yenye punje nyeupe kama maziwa. La bondeni Mama alipanda mbegu chotara ya dukani, na mahindi yake yalikuwa makubwa, yakifanana kama mapacha. Nikajiona mjanja. Nikatundika ya bondeni. Ya Bibi tukayasaga yote. Sikumwambia mtu, na msimu wa kupanda ulipofika nilipukuchua mwenyewe.

Kufikia Februari shamba la nyumbani lilitia aibu. Mmea mmoja ulinipita kimo, ulio pembeni yake uliishia magotini.

"Eme!" aliita Zenon, mwenzangu wa darasa la sita. "Shamba lenu limenyolewa na kinyozi mlevi?"

Nilicheka naye. Lakini jioni nilimsikia Mama akisema taratibu, "Basi, mbegu ya marehemu mama imechoka." Usiku huo sikulala vizuri. Bibi alikuwa anasingiziwa, naye hayupo kujitetea.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu Atusaye, anayetufundisha sayansi.

"Shikamoo, Mwalimu. Chotara maana yake nini?"

"Marahaba. Ni mtoto wa wazazi wa aina mbili tofauti. Wataalamu huchavusha mahindi ya aina hii kwa chavua ya aina ile. Kizazi cha kwanza hutoka na nguvu, tena kinafanana. Ukipanda punje zake, sifa za wale wazazi hutawanyika: huu mrefu, huu mfupi. Ndiyo maana mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu. Mbona unalia?"

Nikamweleza yote.

"Sasa kamwambie mama yako," akasema, "hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Nilimkuta Mama akichambua mboga. Nikapiga magoti. "Mama, mbegu ya Bibi haikuchoka. Tuliisaga. Iliyoko shambani ni ile chotara ya bondeni."

"Tuliisaga yote?"

"Yote, Mama."

Akafunika uso kwa kitenge.

Jumapili, baada ya misa, Mama alimuuliza kila aliyemfahamu Bibi kama ana mbegu yake. Jumanne Mzee Baltazari akafika kwa baiskeli kutoka Msanzi, na mahindi kumi meusi kwa moshi kwenye kikapu.

"Mwaka ule mvua iliponikatalia, Avelina alinipa mbegu hii," alisema. "Sijaiacha tangu hapo. Haya ni ya akiba."

Mama alimshika mikono yote miwili. Mimi ndiye niliyesema asante.

Alipoondoka, Mama alinipa kamba. "Chotara si mbegu mbaya, mwanangu. Tutainunua tena. Kosa lako lilikuwa kuficha. Ungesema mapema, tungeitafuta mapema. Na mbegu ya Bibi imepona kwa sababu hakuwa mchoyo. Tundika nane. Mawili mpelekee mama yake Zenon."

"Zenon aliyenicheka?"

"Huyo huyo," akasema Mama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akitabasamu.