Marejeo Thelathini na Moja

"Marejeo yamefika mangapi, mwanangu?"

"Arobaini na saba, mama."

Mama Mhariri alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Chuo kilikuwa kimetoa sharti: jarida lake la sosholojia lisiporejewa na waandishi wengine katika makala zao walau mara arobaini ndani ya miaka miwili, lifungwe. Alikuwa amelilea miaka kumi na tisa.

"Tumepona. Saini fomu ya chuo, tuipeleke kabla ya saa nane."

Mkutubi wa chuo, dada aliyepewa kazi ya kuhesabu, hakusaini. Tangu asubuhi alikuwa amehesabu mara tatu bila hata kunywa chai, na kila mara alikwama palepale. Marejeo thelathini na moja yalikuwa ya makala moja ya jarida hilo, aliyoiandika yeye, kuhusu wake wa wanaume wanaofanya kazi mbali. Na yote yalitoka kwa mtu mmoja: Kimya, mchumba aliyeachana naye miaka minne iliyopita. Jamaa anaandika juu ya bei ya maziwa, anamrejea. Anaandika juu ya foleni za benki, anamrejea. Ukurasa wa kumi na nne, siku zote.

Na fomu ilikuwa na swali: Je, mwandishi ana uhusiano na anayemrejea? Kama upo, marejeo hayo yafutwe.

Alitoka koridoni, akabonyeza namba aliyoifuta kwenye simu ila si kichwani.

"Kwa nini unanirejea?"

"Ulinikataza kukupigia," Kimya alijibu taratibu. "Kukutaja hukunikataza."

"Umeisoma kweli? Ukurasa wa kumi na nne una nini?"

"Mama mmoja anasema, 'Akirudi anauliza shati lake liko wapi. Hajawahi kuniuliza kama nimekula.'" Akaongeza, "Niliisoma ulipokwisha kuondoka. Nikajua ni sisi."

Mkutubi aliegemea ukuta. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Fomu inaniuliza kama tuna uhusiano. Nikiandika haupo, jarida linapona."

"Na ukiandika upo?"

"Nitamzika mama wa watu na kazi yake."

"Nakupenda. Hilo siwezi kulifuta. Lakini cha kuandika siwezi kukuambia."

Mkutubi alikata simu akiwa amechoka kabisa. Kila upande ulikuwa na msiba wake, na saa ya ukutani ilisema nane kasoro dakika kumi.

Alirudi mezani, akashika kalamu aandike haupo. Mkono ulikataa. Aliulazimisha, ukakataa. Akaandika: Upo. Akafuta thelathini na moja, yakabaki kumi na sita.

Mama Mhariri alisoma, akatafuta kiti.

"Upo tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, mama. Nisamehe. Nimeshindwa."

"Mapenzi ni kikohozi, wanasema. Chako kimeniulia jarida." Aliitazama tena fomu. "Mtu mmoja, mara thelathini na moja. Mimi miaka yote hii sina wa kunirejea hata mara moja."

Akavuta fomu, akaigonga mhuri kwa mkono wake mwenyewe.

"Ipeleke kabla sijaghairi."

Kwenye ngazi, fomu ikiwa kwapani, simu ilitetemeka. Ujumbe wa Kimya ulikuwa na neno moja.

"Umekula?"

Alisimama, akalia mbele za watu. Kisha akajibu.

"Bado."