Mama Alivyopambwa kwa Ajili ya Mkaguzi

Kila Alhamisi baada ya masomo, Kiberiti alimsindikiza mama yake zahanati kumwona mshauri wa afya ya akili. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu ya hasira zake za karibu. Mama alikuwa mshonaji wa sare kiwandani, mpaka siku moto ulipozuka na mlango ukakutwa umefungwa kwa nje. Aliokolewa, lakini tangu hapo kishindo chochote kilimfanya aruke na kutetemeka. Kwa mshauri alianza kuwa mtu tena: alipika, na usiku alipata usingizi.

Bima ya kiwanda ndiyo iliyolipa, tena kwa kinyongo. Mguu ukivunjika walilipa bila neno. Akili ikijeruhiwa walitaka ipone haraka haraka. Haukupita muda ikaja taarifa kwamba mkaguzi angefika nyumbani Jumamosi kuamua kama matibabu yaendelee.

Kiberiti aliona aibu. Hakutaka mgeni amkute mama yake amejikunyata pembeni. Alipiga deki nyumba nzima, akamvisha mama gauni la kutokea, akawaomba majirani wasipige kelele. Kisha akamfundisha mama kutabasamu na kujibu kila swali kwamba mambo ni mazuri. Mama mdogo alimwonya kuwa huyo si mgeni wa kupambiwa hivyo, akaambulia kununiwa.

Mkaguzi alikunywa chai, akatazama huku na huku, akaondoka. Wiki hiyo hiyo bima ilikata matibabu, ikisema mgonjwa amepona.

Mama akaanza kudidimia. Aliacha kupika, na hakutaka mlango wowote ufungwe. Siku moja Kiberiti alimkuta chini ya meza kwa sababu tu jirani alidondosha sufuria. Hapo akili ikamrudia. Alimwendea mama mdogo, wakaongozana hadi ofisi ya bima.

"Nilimwona kwa macho yangu," mkaguzi alisema bila kuinua uso. "Alikuwa anacheka."

"Nilimfundisha mimi," Kiberiti alisema. Alikuwa amemkasirikia mtu huyo, na amejikasirikia zaidi mwenyewe. "Niliona aibu."

"Kwa hiyo mlinidanganya."

"Mtoto alikosea," mama mdogo akadakia. "Na wewe mtu mzima, ulikwenda kukagua ugonjwa au usafi? Anayemtibu ulimuuliza lini?"

Hakuwa amemuuliza. Alinuna, akasema utaratibu ni utaratibu, lakini foleni nzima ilikuwa imeanza kusikiliza, basi akapiga simu zahanati. Mshauri hakumung'unya maneno: jeraha la namna hiyo huchukua muda mrefu, na kulikatia tiba katikati ni kulichimba upya. Matibabu yakarudishwa. Mkaguzi hakuomba radhi. Aliahidi tu kwamba atakuja kukagua tena.

Nyumbani Kiberiti alimweleza mama kila kitu.

"Kumbe ulinionea aibu mimi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini nisikilize. Ukificha ugonjwa, anayetaka kusaidia hajui pa kuanzia, na asiyetaka anapata sababu ya kukataa. Mimi sioni aibu kuumwa. Yule akija tena, mfungulie mlango, na umwache anione nilivyo."