Kuku Washuke Kwanza

Mutunga alikuwa mtu wa mawe kabla ya kuwa mtu wa gari. Kwa miaka kumi na minne alipasua mawe katika machimbo ya Mlolongo, mpaka mgongo ukagoma. Pesa alizolipwa alipoacha kazi aliziunganisha na akiba ya mkewe, Nzembi. Wakanunua pikapu. Ilikuwa imetumika Japani, kisha ikaletwa kuuzwa katika yadi moja ya magari hapo hapo Mlolongo. Huo ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 2004.

Siku pikapu ilipofika nyumbani, karibu na soko la Muthetheni, mambo yalikuwa mambo. Mbuzi alichinjwa. Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti akaomba mpaka chai ikapoa. Ndugu, majirani na waimbaji wa kanisa walipanda nyuma kwa zamu, wakazungushwa sokoni wakiimba.

Kazi ya pikapu ilikuwa kubeba kuku. Nzembi alinunua kuku kwa wakulima, na Mutunga akawapeleka Machakos mjini mara nne kwa wiki. Kuku hao ndio waliomweka binti yao Mwelu shuleni, kidato cha pili. Shamba lilikuwa limekauka, na mgongo wa Mutunga haukuweza tena kuinua nyundo. Pikapu ikifa, Mwelu atarudi nyumbani. Kila mtu katika nyumba ile alijua hivyo, hata kama hakuna aliyesema.

Basi mwezi wa Mei, sauti ikaanza.

Nguuuuu! Ilitoka chini, karibu na miguu ya dereva, kama mtu anayesaga mahindi kwa jiwe. Nzembi aliisikia pikapu ikiwa bado kwenye kona ya zahanati. Akiisikia tu, aliweka chai jikoni. Pikapu ikiingia uani, chai ilikuwa tayari.

"Angalau iko na faida," alisema akicheka.

Mutunga hakucheka. Alikuwa hajui gari. Leseni yake ilikuwa na miezi mitano tu. Alijua mahali pa ufunguo, mahali pa breki na mahali pa mafuta. Mengine yote yalikuwa giza.

Shida ni kwamba kila aliyekula nyama ya yule mbuzi alijiona ana haki ya kuitibu pikapu.

"Hiyo ni beringi ya gurudumu," alisema Mzee Erastus, aliyewahi kuwa utingo wa lori.

"Aiya! Gurudumu gani? Hiyo ni oili mbaya," alisema Ndunda, mwenye bucha. "Changanya oili na unga wa mbao. Itanyamaza kabisa."

"Ni uzito," akasema mama mmoja wa kwaya. "Punguza kuku."

Mutunga aliwasikiliza wote, akawaamini wote. Jumatatu alibadilisha gurudumu. Jumanne alipunguza kuku. Jumatano aliinama chini ya pikapu kwa nusu saa, akiangalia vyuma asivyovijua hata kimoja, akainuka na vumbi kwenye nyusi. Sauti ilibaki pale pale. Usiku alilala akijiuliza amfuate nani.

Halafu akaja Kimeu. Kimeu alikuwa ndugu ya Nzembi. Alichomelea mageti sokoni, na kinu cha kusaga unga kikikwama, yeye ndiye aliyeitwa. Mikono yake ilikuwa na akili, hilo halina ubishi. Alisikiliza sauti, akapiga makofi mara moja.

"Shemeji, hiyo ni giaboksi. Jumanne ijayo naifungua. Hata pesa sitaki."

Mutunga alisitasita. Lakini utamkataliaje ndugu ya mke wako mbele ya watu, tena anakufanyia bure? Angeambiwa amemdharau. Akasema, "Asante, shemeji."

Jumanne asubuhi, tarehe nane Juni, Kimeu alilala chini ya pikapu na spana mkononi. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kuku arubaini, kwa maana Mutunga alitumaini kwamba saa nne watakuwa wameshamaliza. Kuku walipiga kelele kama wako kwenye mkutano.

Wakati huo jirani yao Loise akaingia uani, kashika jogoo wa kuuza. Mwaitu Loise, walivyomwita kwa heshima ya mama, alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Alikuwa karani katika karakana moja ya magari Machakos kwa miaka ishirini na sita. Dereva akileta gari bovu, ni Loise aliyeandika ubovu wake kitabuni.

Aliinama akatazama chini ya pikapu.

"Kimeu, hiyo rangi nyekundu kwenye bolti ni ya nini?"

"Ni uchafu tu, mwaitu. Inapasuka nikizungusha."

"Acha! Usizungushe tena! Toka hapo!"

Kimeu alitoka haraka mpaka akajigonga kichwa. Mutunga hakujua kosa ni lipi, lakini alijua limefanyika.

"Hii gari mlinunua yadi?" Loise aliuliza.

"Ndiyo."

"Mlipewa karatasi ya dhamana?"

Mutunga akamtazama Nzembi. Nzembi akaingia ndani, akarudi na Biblia ya Kikamba. Katikati yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye muhuri.

"Nilitia sahihi," alisema Mutunga. "Lakini ni Kiingereza kingi. Niliona haya kuuliza."

"Haya hiyo ingekupotezea gari," Loise alisema. Akavaa miwani, akasoma polepole akieleza kwa Kiswahili. "Wanasema hivi. Injini na giaboksi zikiharibika ndani ya miezi mitatu, wao watatengeneza bila malipo. Miezi hiyo inaisha tarehe kumi na mbili Juni."

"Hiyo ni Jumamosi hii!" Nzembi alisema.

"Ndiyo. Na kuna masharti. Ukiona ubovu, uwaambie kwa maandishi kabla siku hazijaisha. Tena fundi mwingine asifungue. Ile rangi nyekundu ni alama yao. Ikipasuka, wanajua imeguswa."

Kimeu alitazama spana yake kama ya mtu mwingine.

"Nilizungusha bolti moja," alisema. "Nusu mzunguko tu." Kisha macho yakamng'aa. "Lakini niko na rangi nyekundu ya mageti. Tone moja tu, nani atajua?"

Mutunga akamgeukia Loise upesi. Kwa kweli alitaka sana aambiwe ndiyo.

"Hapana," Loise alisema. "Wakigundua rangi ni mpya, hamna neno lenu lingine watakaloamini. Kaza ile bolti, halafu tutaiandika. Lakini kwanza nataka kusikia hiyo sauti. Kuku washuke."

"Kuku wana kosa gani?" Mutunga aliuliza.

"Wanakuziba masikio. Umewahi kuisikiliza hii pikapu ikiwa imesimama na haina kuku?"

Mutunga alifikiri. Hakuwahi. Kila alipowasha, kuku walikuwa nyuma wakilia, au watu walikuwa ndani wakibishana. Wakashusha kuku wote arubaini.

"Washa," Loise alisema. "Weka fri, gia yoyote isiingie. Ondoa mguu kwenye klachi."

Nguuuuu! Sauti ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ile ile.

"Sasa kanyaga klachi."

Mutunga akakanyaga. Sauti ikapotea. Akaachilia, ikarudi. Akakanyaga tena, ikapotea. Alirudia mara tano kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

"Wooi," alisema Nzembi. "Kumbe inaitika?"

"Je, magurudumu yanazunguka?" Loise aliuliza.

"Hapana. Imesimama."

"Basi si gurudumu. Na uzito hakuna, kuku wako chini. Ukikanyaga klachi, injini haizungushi tena giaboksi, ndiyo maana inanyamaza. Kimeu alisema kweli, ubovu uko humo ndani. Lakini si yeye wa kuingia."

Kimeu akainua kichwa kidogo.

"Na unga wa mbao?" Mutunga aliuliza.

"Ungeifunga mdomo kwa siku chache. Chuma kingezidi kulika kimya kimya, na wewe ungefurahi mpaka Jumamosi ipite."

Mutunga alikaa juu ya tairi. Alikuwa amenunua ule unga tayari. Ulikuwa kwenye mfuko, nyuma ya kiti.

Loise akaomba daftari. Nzembi akaleta moja la zamani la Mwelu, lenye hesabu mbele na kurasa safi nyuma. Loise akamwambia Mutunga aandike mwenyewe, kwa Kiswahili, maneno rahisi. Alinunua lini. Sauti ilianza lini. Pikapu imetembea kilomita ngapi. Inalia wakati gani, inanyamaza wakati gani. Mutunga aliandika polepole, ulimi nje. Mstari wa tano ulikuwa mgumu kuliko yote: "Tarehe nane Juni shemeji yangu Kimeu alizungusha bolti moja nusu mzunguko. Hakufungua. Hatukujua masharti."

"Sasa nakili yote mara ya pili," Loise alisema. "Moja yao, moja yako. Yako waitie sahihi na tarehe kwamba wamepokea. Usiondoke bila hiyo sahihi, hata wakikupa soda."

Alipiga simu yadi kwa simu yake ya mkononi, wakasema ileteni. Akapima oili ya injini na kumwonya Mutunga: asibebe mzigo, na aende polepole. Kesho yake, Jumatano, Mutunga na Kimeu walishika njia ya Mlolongo, pikapu ikilia nguuu hadi mwisho wa safari.

Muuzaji wa yadi aliitwa Antony, kijana wa tai na tabasamu.

"Niaje, mzee! Hiyo kelele ni kawaida. Ni gari ya mtumba, bwana."

Mutunga nusura aitikie. Kijana alisema kwa uhakika, na yeye alikuwa amezoea kumwamini kila mwenye uhakika. Lakini daftari lilikuwa mkononi.

"Panda," alisema. "Kanyaga klachi. Sasa achilia."

Antony akakanyaga, akaachilia. Tabasamu likapungua. Akamwita fundi mkuu, mtu mnene aliyeitwa Reuben. Reuben akateleza chini ya pikapu na tochi. Alikaa huko muda mrefu.

"Hii bolti imeguswa," sauti yake ilitoka chini. "Dhamana imekwisha, mzee. Pole."

Akilini Mutunga alimwona Mwelu akishuka kutoka basi na sanduku lake la shule, amerudi nyumbani.

Kimeu ndiye aliyejibu. Mtu huyo hakuwahi kukubali kosa mbele ya watu, hata geti likianguka.

"Ni mimi," alisema. "Ni mikono yangu. Nusu mzunguko, halafu nikazuiwa. Iko kwenye barua, mstari wa tano. Usimwadhibu shemeji yangu kwa ujuaji wangu."

Reuben akatoka, akajifuta mikono, akachukua barua. Alisoma mstari wa tano mara mbili. Akarudi chini, akakagua bolti zingine moja moja. Rangi yake ilikuwa nzima. Oili haikuvuja popote.

"Nimeona watu wakipaka rangi ya kucha hapa," alisema alipotoka. "Nimeona hata chingamu. Huyu wa kuniandikia kabla sijauliza ndiye wa kwanza." Akamgeukia Antony. "Haikufunguliwa. Ipokee."

Antony akatia sahihi nakala ya Mutunga: imepokelewa, tarehe tisa Juni.

Kazi ilichukua siku nane. Kuku walisafiri kwa lori la mbaazi, na Nzembi alinuna wiki nzima. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili ilipopita, Mutunga hakula chakula cha mchana. Alikimbia kwa Loise.

"Mwaitu, siku zimeisha na gari iko kwao!"

"Uliwaambia tarehe ngapi?"

Mutunga akafungua daftari, akaona sahihi. "Tisa."

"Basi nenda ukale."

Mutunga na Kimeu walipokwenda kuichukua, Reuben aliwaonyesha beringi iliyotolewa kwenye sehemu ya mbele ya giaboksi. Ilikuwa imelika, na vijishimo vyake vilikwaruza kidole. Akawapa karatasi yenye orodha ya vyote vilivyobadilishwa, na Mutunga akamwomba amsomee yote kabla ya kuikunja. Safari hii hakuona haya.

Njiani Mutunga alisimama mara mbili akidhani injini imezimika. Kumbe ilikuwa hailii tu. Karibu na Muthetheni walimpakia Mzee Erastus, naye hakuchelewa.

"Bado nasikia kitu kwenye gurudumu."

Mutunga akamwekea daftari na penseli mapajani. "Andika, mzee. Anza na tarehe."

Erastus alitazama ukurasa mweupe mpaka alipofika kwake.

Walipita kona ya zahanati. Wakaingia uani taratibu, Mutunga akazima gari. Nzembi alikuwa ameinama, anawapa kuku maji. Aligeuka, akashtuka mpaka mkebe ukamponyoka.

"Mumetoka wapi nyinyi? Sikuwasikia! Hata chai sijaweka!"

Mutunga alikaa pale pale nyuma ya usukani. Nzembi alimtazama yeye, akaitazama pikapu, akaelewa. Alifunika mdomo kwa leso.

"Basi," alisema Mutunga mwishowe, "leo tutaingoja chai."