Mama Fagio na Shamba la Mteremkoni

Watu walimwita Mama Fagio, na jina lilimkaa. Uani kwake hukuti jani. Hata shamba lake la mteremkoni alilifagia. Akishavuna mahindi, aling'oa mabua, akayachoma moto, kisha akapalilia mpaka udongo ukabaki wazi, bila hata unyasi mmoja. Wapita njia waliposifu, alitabasamu mpaka jino la mwisho.

Lakini mvua nayo ilikuwa na yake. Kila iliponyesha, udongo ule ulishuka na maji hadi mlangoni kwa shemeji yake, fundi mwashi aliyekaa bondeni.

"Shemeji!" fundi alimwita asubuhi moja, koleo mkononi. "Shamba lako limekuja kunitembelea tena. Nilikaribishe chai?"

Mama Fagio alicheka, lakini moyoni aliumia. Kule juu mawe yalikuwa yameanza kuchomoza, na mahindi yalizidi kuwa membamba mwaka hadi mwaka. Jioni ile mumewe alitamka neno ambalo yeye alikuwa akiliogopa.

"Mama watoto, lile shamba limechoka. Msimu ujao likitunyima tena, nakwenda mjini kutafuta kibarua."

"Na sisi utatuacha na nani?"

Mume aliinuka akaenda kufunga mbuzi.

Kesho yake Mama Fagio alimfuata bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa pale kijijini. Bibi shamba alilitazama shamba, kisha akaomba masinia mawili. Aliyajaza udongo, akafunika moja kwa majani, akayaegemeza kwenye jiwe. Halafu akayamwagia maji kwa kopo lenye matundu.

"Tazama maji yanayotoka," alisema.

Kwenye udongo uliokuwa wazi yalitoka matope matupu. Kwenye majani yalitoka maji karibu meupe.

"Mama, shamba lako liko uchi," alisema bibi shamba kwa upole. "Tone la mvua linaupiga udongo, linauvunja, kisha maji yanaubeba. Lifunike. Mahindi yakishapaliliwa mara ya kwanza, panda kunde zinazotambaa katikati ya mistari. Majani yatapokea mvua, mizizi itashika udongo. Yakianguka na kuoza, hiyo ni mbolea."

"Na mistari yenyewe?"

"Iukate mteremko kwa upana, isishuke nao. Na mabua usichome. Yalaze chini."

"Niache takataka shambani?" Mama Fagio alishika kiuno. "Watu si watasema nimekuwa mvivu!"

"Waache waseme. Hao watu hawakuletei unga."

Basi alipanda. Kunde zikaota, zikatambaa, zikafunika kila mahali. Kila alipoziona, mikono ilimwasha. Upande wa njia, wapita njia walipitisha macho bila kusifu kitu. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Alichukua jembe akazing'oa kunde zote za upande ule, akaacha zile za upande wa mbali.

"Angalau hapa nisionekane kituko," alijisemea.

Wiki ileile ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi alipanda mteremko na mumewe. Upande wa njia maji yalikuwa yamechimba mfereji. Mahindi yalilala chini, mizizi juu. Upande wa mbali yalisimama yote, na kunde zimeyazunguka miguuni.

"Nani aling'oa kunde huku?" mume aliuliza.

"Ni mimi." Machozi yalimtoka. "Niliona haya, baba watoto. Nimejiharibia mwenyewe."

Mume hakumgombeza. Alichuchumaa upande wa mbali, akafunua majani, akachota udongo. Ulikuwa na unyevu, mwororo, na nyungunyungu alijinyonganyonga kiganjani mwake. Aliurudisha taratibu, akaufunika tena kwa majani.

Msimu ule upande wa njia waliambulia chakula cha kuku tu. Upande wa kunde mahindi yalibeba vizuri, na nyumbani wakala majani ya kunde, kisha kunde zenyewe. Walipomaliza kuvuna, Mama Fagio mwenyewe aliyakata mabua akayalaza kukata mteremko. Mikono bado ilimwasha, lakini kiberiti alikiacha jikoni.

Mvua mpya zilianza. Mahindi yakaota, yakapaliliwa. Mumewe hakusema kitu kuhusu mjini, naye aliogopa kuuliza. Siku moja alipoamka, kitanda kilikuwa kitupu na jembe halikuwapo. Alipanda mteremko mbio.

Alimkuta upande wa njia, palepale penye mfereji, ameinama akifukia mbegu za kunde.

"Kumbe hukwenda?" alimuuliza.

"Niende, udongo huu nimwachie nani?" Mume alijipangusa jasho. "Hebu niletee mbegu nyingine, hizi zimeniishia."

Mama Fagio alikimbia kuzileta, akicheka na kulia kwa pamoja.