Mchanga wa Kulalia

Konokono ndio walioanza kukataa. Asubuhi ile Chumvi alipoingia kwenye kliniki ya meno kulitazama tangi alilolijenga mwenyewe, aliwakuta wote wamepanda kioo, wamejibana ukingoni, wengine wametoka kabisa kwenye maji wananing'inia kama vifungo vya shati. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga mchanga. Kaa wadogo nao walikuwa wamelikumbatia bomba la pampu, huyu juu ya huyu.

"Shemeji, viumbe wako wamegoma," alisema binti wa mapokezi, huku akipangusa meza. Alikuwa mdogo wa mke wake, na ndiye aliyempigania mpaka daktari akampa kazi ile.

"Tangi jipya hilo. Watazoea."

Kisha akachungulia chini. Tangi lilikuwa refu kama benchi la wagonjwa, na katikati ya mchanga wake palikuwa na bonde: bega, nyonga, magoti yaliyokunjwa. Mtu alikuwa amelala pale ubavu. Chumvi akachukua fimbo yake akasawazisha haraka haraka, kabla shemeji hajaona.

Watu walimwita Chumvi kwa sababu mikono yake haikuishiwa weupe wa chumvi, na kazi yake aliijua. Daktari alipotaka mchanga mweusi ili samaki wang'ae, alimkatalia kwa adabu. Tangi la matumbawe, alimweleza, linataka mchanga mweupe wa matumbawe na makombe yaliyosagika, maana huo huyeyuka kidogo kidogo ukayatuliza maji. Chembe zikiwa kubwa, uchafu hujificha katikati yake ukaoza. Zikiwa laini kama unga, pampu huzipeperusha zikayafunika matumbawe yakafa. "Chembe za kati, daktari, kama sukari. Kina cha vidole viwili, basi." Tena ununuliwe dukani, umeoshwa, kwa sababu wa ufukweni huwezi kujua umebeba nini. Hayo yote aliyasema kwa kinywa chake.

Dukani wakawa na chembe kubwa tu, na daktari alikuwa amekwisha kualika wageni waje kuliona tangi. Chumvi aliona haya kusema "bado." Akaenda nyuma ya rasi, kwenye ghuba ndogo wasikoogelea watu, na huko akaukuta mchanga wa ndoto zake: mweupe, wa kati, safi. Safi mno. Hapakuwa na nyayo za ndege wala tundu la kaa. Mahali pamoja palikuwa pamebonyea, na alipoweka kiganja pale alikuta joto, ilhali jua lilikuwa halijafika upande ule. Hata hivyo alijaza magunia, ameinamisha uso kama mtu anayeiba nguo kwenye kamba.

"Wa dukani huu?" daktari aliuliza.

"Wa dukani, daktari. Umeoshwa."

Baada ya konokono ikaja harufu, si ya samaki wala ya dawa, bali ya shuka zilizolaliwa na mgonjwa. Wagonjwa wakaanza kuhama viti vya karibu na tangi bila kujua kwa nini. Ikaja pumzi. Chumvi alidhani ni pampu inakoroma, akaizima, maji yakatulia, samaki wakasimama, na pumzi ikaendelea, inavutwa, inashushwa, inavutwa, nzito, ya mtu aliyechoka sana anayetafuta usingizi asiupate. Na alipogeuka aone kama shemeji naye anaisikia, alimkuta ameegemea meza, amefumba macho, kifua chake kikipanda na kushuka sawasawa na pumzi ile.

Binti ambaye hakuwahi kusinzia kazini akawa analala mchana kweupe. Siku moja, chumba kimejaa watu na Chumvi yuko kwenye tangi, daktari alitoka akamkuta chini nyuma ya meza, amejikunja ubavu, viatu amevivua na kuvipanga.

"Umelewa?" daktari alimuuliza mbele ya wote.

"Hapana, daktari. Sijui... kuna mtu anajilaza ndani yangu."

Wagonjwa wakacheka. Ni Chumvi peke yake aliyeziona chembe nyeupe kwenye pembe ya mdomo wa binti.

Daktari akamgeukia. "Fundi, kuna kitu kwenye tangi kinachoweza kumlevya mtu? Dawa? Mchanga?"

Shemeji alimtazama. Alimtazama kama aliyeteleza anayengoja kushikwa mkono.

"Hakuna, daktari," alisema Chumvi. "Mchanga wenyewe wa dukani."

Binti akachukua mkoba wake akatoka, kazi imekwisha.

Chumvi na mke wake walimchukua nyumbani kwao. Hakutaka kitanda, alijikunja sakafuni katika umbo ambalo Chumvi alilijua vizuri, maana kila asubuhi alilifuta kwa fimbo. Mke wake alimlisha uji ukarudi na mchanga. "Mdogo wangu ananiishia," alilia. "Na wewe mbona husemi kitu?" Chumvi akasema ana kichwa kinauma.

Mke ndiye aliyemleta Bibi Cherehani, mshona sare za shule mwenye pini mdomoni muda wote, ambaye majini aliyatoa kama anavyofumua mshono mbaya, bila makuu. Aliketi sakafuni karibu na mgonjwa, jua la alasiri likiwa bado dirishani.

"We nani?" aliuliza kwa upole.

Iliyojibu ilikuwa sauti nzito, ya usingizi. "Nimechoka, mama. Nilikuwa na pangu. Pamezolewa."

"Nani kapazoa?"

"Yumo humu. Nausikia moyo wake."

Bibi akatoa pini mdomoni. Chumvi akatazama vidole vya miguu yake.

"Tuko sisi tu, bibi," mke alinong'ona. "Na mume wangu ni mtu wa watu. Hawezi kuchukua cha mtu, sembuse cha jini."

Maneno yale yalimchoma kuliko kofi. Bado akanyamaza, na alivyozidi kunyamaza mchanga ukaanza kumtoka binti puani, kisha masikioni, kisha ukatiririka polepole kwenye kona za macho badala ya machozi, na pumzi ile ya tangi ikakijaza chumba mpaka pazia likawa linavutwa na kuachiwa, linavutwa na kuachiwa, na mke akawa anapiga kelele akiukinga mchanga kwa kanga, na Chumvi, ambaye angetamani sakafu immeze, akasikia mdomo wake unafunguka.

"Ni mimi."

Mke akageuka. "Wewe nini?"

"Mchanga wa kliniki. Niliuchota ghubani. Nilidanganya."

"Mwambie na yule uliyemdanganya," ilisema sauti. "Binti huyu asafishwe jina, ndipo nitoke."

Bibi Cherehani akampa simu yake mwenyewe, spika imewashwa. Chumvi akampigia daktari, akasema yote, mke wake akisikiliza kila neno.

"Kwa hiyo," daktari aliuliza, "namwita mlevi, wewe umesimama pale, unajua?"

"Ndiyo, daktari."

Jioni ileile walihamisha samaki kwenye ndoo, wakakomba tangi hadi chembe ya mwisho. Chumvi aliubeba mchanga peke yake mpaka ghubani, akaumwaga pale alipoutoa. Alipofika nyumbani, binti alikuwa ameketi, anaomba maji ya kunywa.

Daktari alimrudisha kazini, akamwomba radhi mbele ya wagonjwa. Tangi alilitafutia fundi mwingine, na chini likabaki kioo kitupu. Chumvi alikaa muda mrefu ndipo akapata uso wa kwenda kliniki. Alingoja chumba kiwe kitupu.

"Shemeji, nisamehe."

Binti aliendelea kupanga mafaili. "Nilikuwa nasikia kila kitu, shemeji. Yule jini, kila alipotaka kulala, alibisha hodi kwanza. Aliniambia, samahani dada, nivumilie, sina pengine." Akainua macho. "Siku niliyofukuzwa, alilia. Nilimsikia akilia humu ndani yangu. Nikakutazama wewe, ndugu yangu, nione utasema nini."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee ameshika shavu. Binti akamtabasamia, akamwonyesha kiti.

"Karibu, baba. Keti. Huyu alikuwa anaondoka."